Hutuba ya Ijumaa kwa kijana aliyekaa karibu na viatu

Kama umepewa mimbari kwa mara ya kwanza, kabla hujafungua kitabu chochote, fika msikitini mapema Ijumaa ambayo si zamu yako, ukae mlangoni uangalie viatu.

Msikiti wetu hapa Oli, mjini Arua, Uganda, si mkubwa. Ndani ni safu tisa, na nje tunatandika mikeka ya plastiki chini ya mwembe. Viatu vya wazee ndivyo vya kwanza kufika. Vinapangwa jozi jozi ukutani, na wazee wengine huvifunika kwa gazeti kwa sababu ya vumbi. Kisha vinakuja vya wanafunzi, vyeusi, soksi zimesokomezwa ndani. Mwishoni kabisa, khatibu, yaani mtoa hutuba, ameshakaa na mwadhini yuko katikati ya adhana, ndipo zinapoingia gamubuti na kandambili za vijana wa boda. Hizo hazipangwi. Zinaachwa kizingitini, vidole vimeelekea barabarani, tayari kuvaliwa. Wenyewe wanakaa safu ya mwisho au kwenye mikeka ya nje, na imamu akimaliza salamu ya pili wao wameshasimama.

Hao ndio ninaowaandalia hutuba. Wazee wa safu ya mbele watakuja wiki ijayo hata nikiwasomea bei za sukari.

Mimi ni fundi cherehani, si mtu wa digrii ya Madina. Hutuba natoa kwa zamu na wenzangu wawili, na mwaka huu ni wa kumi na tisa. Juzi kijana mmoja, ustadhi aliyepewa zamu kwenye msikiti wa jirani, aliniletea kanzu nimpunguze mikono, akakaa kwenye benchi akaniuliza: "Mwalimu, nifanye nini hutuba iwashike vijana?" Nilimjibu kwa haraka haraka, sindano iko mdomoni. Haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Anza na Jumamosi

Huwezi kutengeneza hutuba kama hujui ile ya mwisho ilifika wapi. Na njia ya kujua si kuwauliza watu wakati wanakupa mkono baada ya swala. Hapo kila mtu atakwambia, "Mashallah, Sheikh, leo umetuamsha." Hata yule aliyekuwa amelala atakwambia umemwamsha.

Mimi nauliza Jumamosi asubuhi. Mbele ya kibanda changu kuna steji ya boda, pikipiki kumi na mbili hivi, na saa tatu asubuhi wateja ni wachache. Natoka na kikombe changu, nakaa nao, naongea habari za petroli na za mpira. Halafu nauliza swali moja tu: "Jana ulimwambia mtu yeyote kitu ulichosikia msikitini?"

Mara ya kwanza nilipouliza, ilikuwa baada ya hutuba niliyojivunia. Nilikuwa nimezungumzia ikhlasi, yaani usafi wa nia, kwa dakika arobaini na tano, nikanukuu wanazuoni wanne, na mzee mmoja alilia. Vijana wakatazamana. Mmoja akasema, "Nilimwambia mke wangu ile ya mbuzi." Nilikuwa nimesimulia kisa cha mbuzi aliyeingia msikitini akala mkeka, kichekesho tu cha kuwazindua watu. Mbuzi amebaki, ikhlasi imekwenda. Sikumlaumu yule kijana. Alikumbuka kitu pekee katika hutuba ile ambacho angeweza kukisimulia mezani.

Tangu siku hiyo, hicho ndicho kipimo changu: je, kuna neno ambalo kijana atalibeba hadi nyumbani na kulisema kwa mdomo wake? Kama hakuna, hutuba ni sahihi kisheria na swala imekubalika inshallah, lakini imani ya kijana haikuguswa. Usijidanganye kwa machozi ya safu ya mbele.

Muda, kwa hesabu ya Arua

Nitalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu nililikosea miaka mingi. Hutuba ndefu inawatoa vijana msikitini. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi ya Ammar bin Yasir iliyomo katika Sahihi Muslim kwamba urefu wa swala ya mtu na ufupi wa hutuba yake ni dalili ya uelewa wake wa dini. Sisi tumeigeuza: hutuba saa nzima, kisha swala ya Kulhuwallahu mbili, sura fupi, kwa sababu muda umekwisha.

Fanya hesabu ya mahali ulipo. Kwetu Arua jua linapinduka, na wakati wa Ijumaa unaingia, mapema kabisa mwanzoni mwa Novemba, kama saa saba kasoro dakika ishirini. Mwezi wa Februari linachelewa hadi saa saba na dakika kumi. Sasa chukua mwanafunzi wa sekondari ambaye mwalimu wa zamu amempa ruhusa wakati wa chakula na anatakiwa awe darasani saa nane. Februari, akitoa dakika kumi za kutembea kwenda na kumi za kurudi, na akiwa bado hajala, amebakiwa na nini? Ukisimama mpaka saa nane kasoro robo unamlazimisha achague kati ya fimbo ya mwalimu na rakaa mbili. Wiki ijayo hataomba ruhusa.

Mimi sasa natoa dakika kumi na tano kwa hutuba zote mbili. Ya kwanza dakika kumi, ya pili tano. Saa yangu ya mkononi naivua naiweka juu ya mimbari, mbele ya macho. Wenzangu walinicheka. Wiki ya tatu mmoja wao aliiazima.

Na kama vijana wanainuka kabla hujamaliza, usikasirike upesi. Soma aya ya mwisho ya Suratul Jumua. Mtume mwenyewe alikuwa amesimama anahutubu, msafara wa biashara ukaingia Madina, watu wakatoka kuukimbilia, na katika hadithi ya Jabir wakabaki wanaume kumi na wawili. Kumi na wawili, na aliyekuwa juu ya mimbari ni yeye! Kijana wa boda akisikia honi ya basi la Kampala linaingia, moyo wake nao unatoka. Mimi nilichofanya ni kukubaliana na steji: pikipiki mbili zibaki kwa zamu na wenye kuziendesha wawe wale wenzao Wakristo, na Jumapili asubuhi Waislamu wanawashikia wao. Hilo halikutoka kitabuni, walilipanga wenyewe chini ya mwembe, mimi niliuliza tu.

Nguzo na lugha

Sehemu hii nipite haraka, kwa kuwa mwalimu wako ameshakufundisha. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu Uganda tunayafuata, nguzo ni tano: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumswalia Mtume, kuusia taqwa, yaani uchamungu, hizo tatu katika hutuba zote mbili, kusoma aya katika mojawapo, na kuwaombea waumini katika ya pili. Nguzo zisome kwa Kiarabu, kwa utulivu, uzihifadhi vizuri ili usipapase karatasi. Nasaha iwe kwa lugha wanayoelewa.

Lugha gani? Katika safu zetu utamkuta Mlugbara, Mnubi, Mkakwa, Mwaringa kutoka Yumbe, Msomali mwenye duka la jumla, na Mkongo aliyevuka kutoka Ariwara kununua bidhaa. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Ukihutubu kwa Kilugbara tu, wengine watakaa kama mizigo. Lakini neno moja la Kilugbara au Kinubi mahali pake linafungua macho ya safu nzima, kwa hiyo nikitaka kusema jambo la mama, nalisema kwa lugha ambayo mama zao wanaitumia jikoni.

Kuna misikiti ambako mawaidha ya lugha ya watu yanatolewa kabla ya adhana, na hutuba yenyewe inabaki Kiarabu kitupu. Ukiikuta ada hiyo, ifuate. Usije na mageuzi siku ya kwanza. Waislamu wa Buganda waliwahi kugawanyika kwa miaka mingi juu ya swali la kama Adhuhuri iswaliwe tena baada ya Ijumaa, mpaka kundi moja likaitwa Juma-Zukuli, yaani Ijumaa na Adhuhuri. Mambo ya Ijumaa yanawaka upesi, na kijana akiona wazee wanagombana mlangoni anapata sababu ya kubaki kitandani.

Aya moja, wiki nne

Huu ndio moyo wa kazi, nami nilichelewa sana kuujua.

Kuna mwanamke wa Madina, Ummu Hisham binti Haritha, aliyesema kwamba alihifadhi Suratu Qaf kutoka katika ulimi wa Mtume, kwa kuwa alikuwa akiisoma kila Ijumaa juu ya mimbari anapowahutubia watu. Imo katika Sahihi Muslim. Niliisoma hadithi hiyo mara nyingi kama fadhila ya sura. Siku moja nikiwa napiga pasi ndipo nikashtuka: huyu mama hakukaa darasani. Alihifadhi sura ya aya arobaini na tano kwa kusikia tu, kwa sababu ilirudiwa. Na sisi kila Ijumaa tunakimbilia mada mpya kama watu wa redio.

Basi sasa tunachukua aya moja kwa mwezi mzima, na wenzangu wa zamu wamekubali. Wiki ya kwanza tunaisoma mara tatu, tunaifasiri neno kwa neno. Wiki ya pili tunaisoma tena na tunaipeleka sokoni. Wiki ya tatu tunaipeleka nyumbani. Wiki ya nne tunaanza aya na kunyamaza katikati. Juu ya mimbari hakuna mtu wa kunijibu, maana wao wametakiwa kunyamaza. Hata kumwambia mwenzako "nyamaza" wakati imamu anahutubu ni upuuzi, kama ilivyo katika hadithi ya Abu Hurayra. Lakini naona midomo. Wiki ya nne ya mwezi ule tuliokuwa na aya ya kumi na nane ya Suratu Qaf, ile isemayo kwamba mtu hatamki neno lolote ila yupo karibu naye mwangalizi aliye tayari, niliona midomo ya safu ya mwisho ikicheza kabla sijamaliza. Nilikaribia kusahau hutuba yangu.

Aya hiyo tuliifanyia kazi ya simu. Vijana wetu wanapokea sauti za WhatsApp, mtu asiyejulikana anamtukana sheikh fulani au anasema kabila fulani limefanya jambo, na kidole kinabonyeza kusambaza kabla akili haijaketi. Nikawaambia: kabla ya kubonyeza, soma aya. Ni maneno machache, hayamalizi bando. Jumamosi yake kijana mmoja akanionyesha simu. Mwenzake alikuwa amemtumia sauti ya dakika nne, na yeye akajibu kwa kuandika aya peke yake, kwa herufi za Kilatini, amekosea sehemu mbili. Sikumsahihisha siku hiyo.

Hutuba moja tangu mwanzo hadi mwisho

Wacha nikuonyeshe moja tulivyoiandaa, ile ya kubeti.

Jumatatu. Niliacha vitabu nikaenda kusikiliza. Nilikuwa najua kamari ni haramu. Sikuwa najua inachezwaje. Kijana mmoja wa steji akanikalisha akanieleza tiketi: shilingi elfu mbili, unachagua mechi kumi, zikipatikana zote unalipwa laki kadhaa, ikipotea moja tu tiketi imechanika. Akaniambia jambo ambalo sikulitegemea: "Mwalimu, si pesa. Ni kwamba kuanzia saa tisa mpaka usiku una kitu cha kusubiri." Nililiandika hilo kwa kipande cha chaki juu ya kitambaa, kwa vile karatasi haikuwepo.

Jumanne. Nikafungua Suratul Maida, aya ya tisini na ya tisini na moja. Ya tisini ndiyo inayosomwa kila mahali, ulevi na kamari ni uchafu, jiepusheni. Lakini ya tisini na moja inasema jinsi mambo yanavyofanya kazi: shetani anataka kutia uadui na chuki baina yenu, na kukuzuieni kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kuswali. Nikayalinganisha na maneno ya kijana. Kuanzia saa tisa mpaka usiku. Hesabu wewe mwenyewe ni swala ngapi zimo humo.

Jumatano. Nikawarudia vijana na kalamu. Elfu mbili kwa siku, siku sita, ni elfu kumi na mbili. Wiki tano ni elfu sitini. "Hiyo," mmoja akasema, "ni sehemu kubwa ya tairi langu la nyuma." Tairi lake lilikuwa limeisha mpaka nyuzi zinaonekana. Basi mfano nikaupata bila kuutafuta, na ukawa wao.

Alhamisi usiku niliandika. Sentensi ya kwanza ya nasaha haikuwa "Enyi vijana, kamari ni haramu." Walikuwa wanajua. Ilikuwa: "Kuna ndugu yetu ambaye tairi lake la nyuma limo ndani ya kibanda cha kubeti." Nje chini ya mwembe niliona vichwa vikiinuka. Nikaeleza tiketi kama ilivyo, bila kuikosea, maana ukikosea jambo dogo la ulimwengu wao wanakufunga hapo hapo. Nikataja pia kwamba sheria yetu ya Uganda ya mwaka 2016 imekataza aliye chini ya miaka ishirini na mitano kubeti, nikawatazama wanafunzi, wakatazama chini. Kisha aya mbili. Kisha kitu cha kufanya.

Hapa usiwe na haraka. Hutuba nyingi zinaishia kwenye "tumche Mwenyezi Mungu" na kijana anatoka akiwa na huzuni isiyo na kazi. Mpe jambo moja linaloweza kufanyika kabla ya Ijumaa ijayo, dogo hata aone haya kulishindwa. Nilisema: atafute kopo la maziwa, alitoboe, na kila siku ambayo mkono utaelekea kibandani, ile elfu mbili aitie humo, na kopo akalitunze kwa mama yake. Siyo kwa mke, nikasema, mke ana mahitaji. Wakacheka, hata wasichana wa nyuma ya pazia.

Matokeo? Nikuambie kweli. Vijana wanne niliwajua kwamba walitoboa makopo. Mmoja alifikisha tairi. Mmoja alikuja baada ya wiki mbili, kichwa chini, akaniambia amelifungua Jumatano kwa sababu ya mechi za klabu bingwa Ulaya. Wawili sikuuliza tena, niliona wanakwepa. Lakini yule wa Jumatano ndiye aliyeanza kuja Alasiri, na sijui kama angekuja kama hakuwa na kopo la kukiri.

Kosa lililonigharimu kijana

Miaka kama kumi iliyopita kulikuwa na kijana aliyekuwa akipita mbele ya msikiti na pikipiki yenye spika, muziki juu, hata wakati wa hutuba. Siku moja alikuja mwenyewe Ijumaa, akakaa nje. Nami, Mungu anisamehe, nikaona ndiyo nafasi. Sikumtaja jina. Nilisema, "Kuna watu wana pikipiki za stika nyekundu, wanampigia shetani ngoma mlangoni kwa Mwenyezi Mungu." Pikipiki ya stika nyekundu ilikuwa moja Oli nzima. Safu zote ziligeuka. Alivumilia mpaka swala ikaisha, akavaa viatu, akaondoka.

Sikumwona tena. Nilijifariji kwamba haki imesemwa. Baada ya Idi ndipo nikasikia kwamba anaswali Ijumaa upande mwingine wa mji, mbali, anatumia petroli yake. Nikaelewa kwamba hakuikimbia swala. Alinikimbia mimi.

Nilitafuta siku nikapanda boda yake. Hakunisalimia ila kwa salamu ya wajibu. Nikasema nipeleke sokoni. Njiani hatukusema kitu. Tulipofika nikalipa, nikabaki nimesimama kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa, kisha nikamwambia, "Mwanangu, siku ile nilikuaibisha, na haikuwa halali yangu." Akatazama tangi la pikipiki muda mrefu. Akasema, "Mwalimu, ile siku nilikuja kwa sababu mama alikuwa amelazwa." Basi. Hakurudi wiki ile, wala mwezi ule. Alirudi wakati wake, na muziki bado anaupenda.

Kwa hiyo sheria zangu juu ya mimbari ni hizi: makosa nayasema kwa "sisi", mfano wa mtu wa mtaani naupeleka mji mwingine na kumbadilishia kazi, au namwomba ruhusa kama yule wa tairi, na la mtu mmoja naliacha mpaka nimpate peke yake. Kijana alimjia Mtume kumwomba ruhusa ya zinaa, waliokuwepo wakamkemea, naye Mtume akamsogeza karibu na kumuuliza kama angelipenda hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake. Kisha akaweka mkono juu yake akamwombea. Iko katika Musnad ya Imamu Ahmad. Yule kijana aliuliza jambo ambalo sisi leo tungemtoa nje kwa kola.

Pazia na spika

Wasichana wako nyuma ya pazia, na kwa miaka mingi spika yao ilikuwa mbovu, inakwaruza kama sufuria. Nilijua hivyo kwa sababu binti yangu aliniambia, "Baba, sisi tunasikia 'amma baad' ya mwanzo na 'aqimi swala' ya mwisho, katikati ni mvua." Kabla ya kuhangaikia maudhui, nenda ukakae kule siku ambayo si ya swala, mwenzako asome kwenye kipaza sauti. Tulinunua spika ndogo ya betri kwa mchango, maana umeme wetu nao una tabia zake. Na mifano yako isiwe ya pikipiki wiki zote. Msichana anayeuza nguo kwa mkopo ana mtihani wake wa uaminifu.

Mwembe, saa kumi na nusu

Hutuba haina maswali, lakini kijana ana maswali. Mtu mmoja, Abu Rifaa, alimkuta Mtume anahutubu, akasema yeye ni mgeni amekuja kuuliza dini yake, hajui dini yake ni nini. Mtume akaiacha hutuba, akamwendea, akaletewa kiti akaketi, akamfundisha, kisha akarudi akaimaliza. Sahihi Muslim tena. Sikushauri uiache hutuba yako. Lakini weka kiti mahali fulani.

Chetu ni benchi chini ya mwembe, Ijumaa baada ya Alasiri. Chai ya maziwa na mandazi, anayetaka anakuja. Hapo ndipo nimeona imani inavyosogea, si juu ya mimbari. Wanauliza mambo ambayo hawangeyataja ndani: pikipiki ya mkopo wenye riba, mama ambaye ni Mkristo na ameandaa chakula cha Krismasi, mairungi (miraa), msichana wa kanisani. Na video. Wanaonyeshana wahubiri wa nje, wenye sauti nzuri na taa nzuri, nao wanasema mambo yanayopingana na yangu. Usishindane nao. Yule wa kwenye simu hajui kwamba baba yake kijana alihama nyumba mwezi jana. Wewe unajua.

Usilolijua sema hujui, na uwe na mahali pa kulipeleka. Mimi napeleka kwa Kadhi wa wilaya, nikirudi na jibu nalisema mbele ya walioniuliza, hata kama linanipinga. Nimewahi kurudi na jibu kwamba nilikosea juu ya mkopo wa mmoja wao. Walifurahi mno, zaidi ya ilivyostahili.

Siku ya mvua

La mwisho, kwa sababu litakukuta na hakuna atakayekwambia. Sisi tumeezekwa mabati. Mvua ya Arua ikishuka, hata ungekuwa na spika nne, aliye safu ya pili anaona mdomo wako tu. Na wale wa kwenye mikeka ya nje wanaingia ndani wameloa, wanabanana, maji yanachuruzika shingoni mwa wazee. Mara ya kwanza nilipambana, nikapaza sauti hadi koo likakauka.

Sasa nikisikia matone matatu juu ya bati nasoma nguzo, naketi kidogo, nasimama kwa ya pili, naomba dua, nashuka tunaswali. Dakika tano. Ile karatasi naikunja naitia mfukoni mwa kanzu. Zamu ijayo itakuwa bado mpya, hakuna aliyeisikia.